Usiniambie Kaburi Halina Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja ya kulima kule Kisii, nikiwa msichana wa kubeba mbegu. Baba mdogo alikuwa anaongoza ng'ombe wa plau, akafika penye kaburi la babu. Mvua ilikuwa imelididimiza, mgeni asingelijua. Akataka kupita katikati. Nyanya akasimama mbele ya ng'ombe.

"Mistari itapinda, mama!"

"Ipinde. Huyo ndiye aliyekuzaa."

Kisha akatuamuru tuchote udongo tulijaze lile kaburi, kama tulivyofanya kila msimu kabla ya kupanda. Kwetu kaburi la nyumbani haliachwi lipotee.

Mwanangu, haya nakueleza kwa hasira, sikufichi. Mwaka jana kifungua mimba wangu, Jared, alinikalisha jikoni kwake huku ng'ambo, Apple Valley, akaniomba nikubali auze boma letu la kule nyumbani. Mnunuzi anataka kujenga nyumba za kupangisha, na kaburi la baba yake litasawazishwa. "Mama, huko hakuna mtu tena," akasema. Nikainuka nikaosha vikombe. Mtu akikulisha, kumkatalia ni kazi.

Jumapili iliyofuata watu wa kanisa tukaenda kuchoma nyama mjini Saint Paul, kwenye bustani iliyo juu ya mto. Pale kuna vilima vya udongo vilivyozungushiwa uzio wa chuma. Mimi kusoma sikufika mbali, kwa hiyo mjukuu wangu Kemunto akanisomea ubao: ni makaburi ya wenyeji wa asili wa nchi hii, ya zamani kuliko mji wenyewe. Kugeuka hivi, namwona baba yake Kemunto, huyo huyo Jared, ameruka uzio na vijana wa kwaya. Ameshika simu.

"Pandeni juu kabisa, mto uonekane!"

"Shukeni!" nikapaza sauti. "Mnamkanyaga mtu kifuani!"

Jared akacheka. "Mama, pole pole, watu wanatuangalia. Hawa walikufa zamani sana. Hakuna mwenyewe hapa."

"Wenyewe si wale wajukuu zao tunaopanga nao foleni dukani, kule mtaa wa Phillips? Nenda ukawaambie hawapo!"

Vijana wakashuka wamenuna. Kemunto akaninong'oneza, "Nyanya, umewamaliza."

Nilikuwa bado. Pale pale penye jiko la nyama, mchungaji akisikia, nikamwambia Jared: "Bila mimi kukubali huuzi, na sikubali. Baba yako yuko huko." Akaweka sahani chini, hakula tena. Mpaka leo salamu zake ni fupi. Mimi sijamwomba msamaha, na sitamwomba.

Basi nisikilize. Ukifika mahali watu wamezikwa, pita kando, hata kama huwajui, hata kama picha yako itaharibika. Kabla hujauza ardhi, uliza nani amelala humo. Na usinieleze habari ya kuishi mbali. Ndege haikumfanya mtu yeyote asiwe na baba.

Mungu akupe miguu yenye adabu. Akupe watoto watakaobishana nawe, kisha wakuzike vizuri. Na udongo wako, mwanangu, usije ukakanyagwa na mtu anayetafuta mahali pa kupigia picha.