Mwanangu Anacheza

Mwanangu Edson amecheza besiboli ya kulipwa miaka kumi na minne. Timu kumi na moja: Kanada, Meksiko, Taiwani, na vimji vya Marekani ambavyo hata ramani inavionea haya. Timu moja ikimchoka, nyingine inamchukua, naye anafungasha begi. Ligi kubwa hakuwahi kuifikia.

Sasa jamani, niambieni. Mama wa Kipare akiulizwa kanisani mwanawe anafanya kazi gani, ajibu "anacheza"? Mwanamume wa miaka thelathini na tano, anacheza! Nikasema ni injinia wa madaraja, yuko safarini kikazi. Uongo huo niliulea mwaka baada ya mwaka, nao ukanenepa. Naona aibu kuusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kiangazi cha 2016 akarudi kwetu Saint Paul, hukuhuku Marekani tulikohamia, kumalizia na timu ndogo ya hapa. Alinipigia simu akaniomba jambo moja tu: nije kwenye mechi yake ya mwisho. Sikuwa nimewahi kumwona uwanjani hata siku moja. Nikaenda.

Alicheza vizuri, nadhani. Sheria zake mimi sizijui. Watu walisimama wakampigia makofi, nami nikasimama nikapiga. Mechi ilipokwisha akaja mbio hadi kwenye uzio, vumbi mpaka kifuani, akaniita "Mama!" Hapohapo nikaguswa bega. Alikuwa mama Dinah, katibu wa umoja wetu wa wanawake kanisani, amekuja na wenzake wa ofisini kule Plymouth, mji wa jirani. Akauliza huyu ni nani.

Kwetu kila kijana humwita mwanamke mtu mzima mama. Nikajificha hapo.

"Kijana wa jirani yetu wa zamani," nikasema kwa Kiswahili, harakaharaka.

Edson tangu utotoni hunijibu kwa Kiingereza, hata nimsemeshe vipi, nami mpumbavu nikadhani Kiswahili kimemtoka. Alinitazama. Akafuta mkono kwenye suruali, akampa mama Dinah na kumwamkia vizuri kabisa. Kisha akanigeukia mimi, akainamisha kichwa kwa adabu, akaniita kwa jina la dada yake mkubwa, kama waniitavyo watu baki.

"Shikamoo, Mama Avelina."

Nikaitikia marahaba.