Unyoya Uliokua

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka sokoni, hapa Mbeya ninakoishi, nikakuta beseni kubwa uani limejaa maji ya rangi ya waridi. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa ameamua kunisaidia kazi. Aliloweka shuka zangu nyeupe pamoja na sweta lake jekundu la shule, akasugua kwa nguvu zake zote, na sweta likamwaga rangi. Yeye mwenyewe sikumwona. Niliona vidole vyake vya miguu tu, vimechungulia chini ya mlango wa jikoni.

Nilitaka kukasirika, lakini kabla hasira haijafika ilifika harufu ya sabuni ya mche iliyoloana, kali na tamu kidogo, imepanda na mvuke wa maji ya moto. Nikageuza ndoo nikaikalia. Maji ya namna ile nilikuwa nimeyaona mara moja tu maishani mwangu, nikiwa na umri unaokaribia wake, na siku ile niliamini kwamba nimemuua baba yangu.

Nililelewa na Bibi, mama mzaa baba, kwenye kijiji kimoja cha Mufindi, ukingoni mwa msitu. Ukitaja Mufindi watu huwaza misindano, ndivyo tunavyoiita misonobari, na malori ya mbao yanayoelekea Mafinga. Lakini juu ya vilima, kati ya misindano na mashamba ya chai, vilikuwepo vipande vya msitu wa zamani ambao hakuna mtu aliyeupanda. Asubuhi za baridi ukungu ulijaza mabonde yote, vilele vikabaki vimechomoza kimoja kimoja, vyeusi, mpaka macho yalipoishia. Mwalimu wetu wa jiografia, ambaye bahari alikuwa hajaiona kama sisi tu, alitutoa nje ya darasa akanyoosha fimbo. "Mnaona? Hivyo ndivyo visiwa vilivyo. Msiniulize tena."

Nilipokua nikasoma, nikagundua kwamba mwalimu hakukosea. Vilima vile ni mnyororo wa visiwa kweli, isipokuwa kinachovitenganisha si maji bali mashamba, majani makavu na jua. Ndege wa msituni hapendi kukatiza mahali peupe. Wako wadogo, wa kahawia, wanaorukaruka chini kwenye majani yaliyooza, ambao huwapati popote duniani ila kwenye vilima hivyo. Walizaliwa kisiwani mwao na watafia hapo hapo.

Ndege mzuri kuliko wote wa msitu ule, machoni pangu, alikuwa kulukulu. Ni wa kijani kama jani la mgomba lililonyeshewa, ana kishungi kichwani, na badala ya kuruka hukimbia juu ya matawi kama kindi. Akiwa ametulia huwezi kumtofautisha na mti. Ila akifungua mabawa kuhamia mti wa pili, ndani yake ni mekundu, mekundu kabisa, kama mtu aliyefungua koti ukaona bitana la hariri. Halafu anafunga, na msitu unarudi kuwa kijani tu.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu: Bibi, baba na mimi. Mama alikuwa ameolewa kwingine, huko Tukuyu, tangu sijajua kutembea. Baba alipasua mbao, na siku mbao zilipokosekana alikaa kizingitini akinoa msumeno usio na kazi. Nilipokuwa na miaka saba, asubuhi moja niliamka nikakuta msumeno umetundikwa ukutani na koti lake halipo.

"Ameenda Chunya," Bibi alisema, akikoroga uji bila kunitazama. "Kuchimba dhahabu. Krismasi atakuwa hapa."

Nikaacha kula. Sikukusudia kumtesa mtu. Chakula kilikataa tu kupita. Nilikaa kando ya barabara nikihesabu malori, nikiamini moja litamshusha. Siku ya nne Bibi alinifuata, akaniketisha jikoni, akafungua kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Kwenye kurasa za nyimbo za Krismasi palikuwa na unyoya mwekundu wa kulukulu.

"Baba yako aliniachia hiki, nikasahau kukupa. Uzee huu!" Akaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Alisema hivi: rangi ikiwa nyekundu, mimi ni mzima. Sasa wewe una macho mazuri kuliko mimi. Ni nyekundu, si nyekundu?"

"Nyekundu, Bibi."

"Basi ni mzima. Kula."

Nikala. Tangu hapo kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla hajavua kitambaa chake cha kichwa, Bibi alifungua kitabu. Mimi nilitazama na kutoa taarifa kama daktari. "Mzima." Naye akajibu, "Bwana asifiwe," akabandika chungu cha maharage.

Krismasi ya kwanza ilipita, barua haikuja. Ikapita nusu mwaka. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikumwambia mtu. Unyoya ulikuwa umefifia. Nyumbani kwetu tulipikia kuni, masizi yalipenya kila mahali, hata ndani ya kitabu. Mtu mzima angeona masizi. Mimi niliona kwamba baba anaumwa.

Nilifikiri juma zima, na nikaamua kwamba kama unyoya unaonyesha hali ya baba, basi unyoya ukipata nafuu baba naye atapata nafuu. Bibi alipokwenda shambani nilichemsha maji, nikakata kipande cha sabuni ya mche, na kwa kuwa ugonjwa ulionekana mkubwa, nikaongeza kibonge cha magadi ambayo Bibi aliyatumia kulainishia maharage. Nikauzamisha unyoya, nikausugua taratibu kwa vidole viwili, nikimwimbia baba.

Rangi ikatoka. Kwanza uzi mwembamba kama moshi, halafu maji yote yakawa ya waridi. Niliutoa haraka, nikaupuliza, nikaukaushia kwenye gauni langu. Mkononi nilikuwa na kitu kilichopauka kama ukucha.

Leo naweza kukueleza kilichotokea, maana nilikuja kuwa mwalimu wa kemia, na sidhani ni kwa bahati. Wekundu wa kulukulu ni rangi halisi iliyochanganyika na shaba, na rangi hiyo huyeyuka kwenye maji yenye magadi. Mvua haimdhuru. Unyoya ule ungekaa miaka mingi bila shida kama asingetokea mtu wa kuupenda kwa sabuni. Lakini mtoto yule hakujua shaba wala kemia. Alijua kwamba Jumapili ni kesho kutwa, na kwamba huko Chunya baba yake ameishiwa damu, na damu yenyewe imo kwenye beseni la Bibi.

Maji niliyamwaga kwenye maboga. Unyoya nikauchomeka kwenye ufa wa ukuta wa jikoni. Kisha nikaingia msituni peke yangu, jambo ambalo watoto tulikatazwa.

Nilijua mkuyu mmoja uliokuwa umezaa, ambako ndege walikusanyika. Hondohondo walikuja na makelele yao ya mabawa, wakala kwa fujo, wakaondoka. Makulukulu walikuja kimya, wakikimbizana matawini juu ya kichwa changu. Niliwaomba. Niliwaeleza habari yote, kuanzia msumeno mpaka magadi. Mmoja alisimama akanitazama kwa jicho lenye pete nyekundu, akakohoa "khoo, khoo," akadondosha kipande cha kuyu begani kwangu. Ijumaa sikupata kitu ila manyoya ya kijani. Jumamosi nilirudi, nikapekua majani makavu kwa kijiti mpaka magoti yakaloa, na jioni inaanza kuingia nikauona: mwekundu, mzima, umelala juu ya kuvu nyeupe kama umewekwa na mtu.

Ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza, tena sana. Nikauweka kitabuni, ncha ikatokeza nje.

Jumapili Bibi alifungua kitabu na kitambaa chake kichwani. Aliunusa ukurasa. Akanitazama mimi, magoti yangu yenye mikwaruzo, akautazama tena unyoya. Moyo wangu ulikuwa unagonga nikadhani unasikika mpaka kanisani.

"Umekua," akasema.

"Nini, Bibi?"

"Unyoya. Umekua." Akakifunga kitabu polepole. "Basi huko aliko anakula vizuri."

Akabandika maharage. Siku ile nilikula sahani mbili, kwa furaha ya kutokamatwa.

Baba alirudi kiangazi cha mwaka uliofuata. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amekonda, vumbi jekundu la Chunya limemkaa masikioni. Alisimama nje ya mlango kama mgeni asiyejua atapokelewa vipi. "Kamwene, mama," akasalimu kwa Kihehe, sauti ndogo. Bibi akamjibu, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza upande huu na upande ule kama anayekagua boga. Dhahabu hakuleta. Alileta kanga moja ya Bibi na viatu vyangu, na viatu havikuingia, kwa sababu alivinunua kwa miguu niliyokuwa nayo siku alipoondoka.

Nilikimbia ndani nikaleta kitabu. "Baba, unyoya wako! Tumeutunza!"

Akauchukua, akaugeuza. "Unyoya gani huu?"

Bibi alikuwa ameinama kwenye chungu. Aliinua kichwa, akamtazama mwanawe moja kwa moja.

"Ule uliouacha, Eliya. Uliosema mtoto autazame. Au Chunya mmesahau na vya kwenu?"

Baba alimtazama Bibi, akanitazama mimi, akatazama viatu vidogo chini.

"Aa," akasema. "Ule. Ndio huu." Akauinua kwenye mwanga, kama sisi tulivyofanya. "Mwekundu."

"Mwekundu," nikasema.

"Bwana asifiwe," Bibi akasema, akapakua.

Niliona macho yao yakikutana, lakini nilikuwa na njaa na furaha, na mtoto mwenye vyote viwili hachunguzi macho ya watu. Nilikuja kumwuliza baba habari za unyoya nikiwa tayari nafundisha, siku moja alipokuwa anatengeneza mpini wa jembe. Hakuacha kazi yake.

"Niliondoka alfajiri umelala, mwanangu. Niliogopa ukiamka nitashindwa kwenda. Sikuacha unyoya. Hata kwaheri sikuiacha."

Bibi alipofariki nilirithi kitabu chake cha nyimbo. Kwenye kurasa za Krismasi nilikuta manyoya mawili, yamelazwa ubavu kwa ubavu. Mmoja mrefu, mwekundu. Wa pili mfupi, uliopauka kama ukucha, ule niliouficha kwenye ufa wa ukuta. Sijui aliuona siku ile ile au baadaye. Najua tu kwamba kabla yangu naye aliingia msituni, mwanamke mzima wa kanisa, akapekua majani chini ya miti kwa ajili ya mtoto aliyegoma kula; na mtoto alipoiharibu dawa yake akatafuta nyingine, aliipokea bila kuuliza ilikotoka. Jikoni mwetu siku ile baba aliporudi, watu watatu tulisema uongo mmoja kwa sauti moja, kila mtu akidhani anawalinda wengine wawili.

Hayo ndiyo niliyoyawaza nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Vidole vilikuwa bado chini ya mlango, vimejikunja. Nikainuka, nikaitoa shuka moja kwenye beseni, nikaitandaza mikononi juani. Ilikuwa imeshika rangi mabaka mabaka, hapa sana, pale kidogo. Nikaitazama kwa muda.

"Hii rangi," nikasema kwa sauti ya kusikika jikoni, "nimeitafuta madukani siku nyingi."

Mlango ukasogea kidogo.

"Mama, unanidanganya."

"Njoo ushike huku."

Hakuniamini hata kidogo. Lakini alitoka nyuma ya mlango, akafuta machozi kwa mkono wenye povu, akashika upande wa pili wa shuka, tukaikamua pamoja.