Buti la Mgeni na Maziwa ya Dia

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Pang Thao anateremka mlima, kapu tupu mgongoni na mikono mitupu. Mikono hiyo ndiyo inayowashtua wanaokutana naye njiani. Miaka yote anayoongoza wageni kupanda kijijini, vidole vyake huunganisha nyuzi za katani huku miguu ikitembea, kama wafanyavyo wanawake wote wa Kihmong, watu wa milima ya Vietnam, wa upande huu wa mto. Leo vidole vimetulia.

Basi la kwenda Hanoi linaondoka mjini saa mbili. Kati ya abiria wake yumo Marek, msafiri kutoka Poland. Akiondoka, kijiji kinaamini, ataondoka na maziwa ya mama mmoja aliyejifungua juzijuzi.

"Nikimkosa, sina uso wa kurudi nao," anasema Pang bila kupunguza mwendo.

Ana miaka thelathini na minane. Mumewe ni mwashi huko mabondeni, na watoto wao wawili wanasoma bweni. Shamba lao la mahindi huwalisha miezi minane tu kwa mwaka. Minne iliyobaki wanalishwa na miguu ya wageni, dong laki tatu za Vietnam kwa siku, na mwezi wenye siku nane za namna hiyo ni mwezi wa kushukuru.

Mambo yaliharibika juzi mchana. Mvua ilikuwa imewakuta yeye na Marek kwenye mashamba ya mpunga yaliyokatwa kama ngazi mlimani, na wote wawili wakaharakisha kwenda kijijini. Kanuni ya kazi hii anaijua hata mtoto: wakiingia kijijini, mwenyeji hutangulia, mgeni hufuata. Lakini uzi wa Pang ulikatika, naye akasimama kuufunga.

"Fundo moja tu," anasema. "Miaka tisa ya kazi, nikaiuza kwa fundo moja."

Alipoinua kichwa, Marek alikuwa ameshakimbilia mlango wa karibu kujikinga mvua, buti miguuni, begi mgongoni. Mlangoni palining'inia tawi la majani mabichi. Yeye alidhani ni pambo.

Tawi hilo lina maana moja: simama hapo hapo. Ndani yumo mzazi ambaye hajamaliza siku thelathini tangu ajifungue, anayekula wali na kuku wa mitishamba. Mgeni akiingia kwake na viatu na mzigo, hutoka na maziwa yake. Mzazi huyo ni Dia, na siku hiyo mtoto wake alikuwa na siku kumi na moja.

Pang alimvuta mgeni nje kwa mkono. Dia alikuwa amelala nyuma ya pazia. Mama mkwe wake, Bibi Sau, alikuwa shambani. Hakuna aliyeona, na Pang akanyamaza. Hapo ndipo anapojilaumu zaidi kuliko kwenye uzi.

Ila sakafu ya udongo haitunzi siri. Jana asubuhi matiti ya Dia yaliamka makavu, na mtoto akalia mpaka sauti ikakwaruza. Bibi Sau akaiona alama ya buti. Akaweka mguu wake ndani, kisha akaweka na wa pili, na yote miwili ikaenea. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa wanawake sita wanaoongoza wageni. Alipofika kwa Pang, hakuhitaji kuuliza. Pang alisema yote akiwa amesimama mlangoni.

"Yule simlaumu, hajui kitu," Bibi Sau alimjibu. "Wewe umezaliwa hapa. Sasa mlete aliyeyachukua maziwa, ayarudishe kwa mikono yake, ampikie mzazi uji. Asiporudi, hakuna mgeni atakayevuka ule mto tena, awe wako au wa wenzako."

Muuguzi wa zahanati alileta kopo la maziwa ya unga. Mtoto anayatema.

Saa moja na robo Pang anamkuta Marek kwenye nyumba ya wageni, anakunywa kahawa, begi miguuni. Anamweleza kwa Kiingereza chake cha njiani, kile alichojifunzia kwenye miteremko. Marek anasikiliza, anasikitika, anaingiza mkono mfukoni na kutoa noti. Pang anazisukuma zirudi upande wake wa meza.

"Maziwa hayana bei."

"Lakini mimi siamini mambo haya," anasema Marek.

"Hujaombwa kuamini. Umeombwa kupika uji."

Nje, basi linapiga honi. Marek anauliza itakuwaje maziwa yasiporudi. Pang anasema hajui. Marek anaitazama saa, kisha anauliza mtoto ana siku ngapi.

"Kumi na tatu."

Marek anainuka, analiinua begi na kulikabidhi mapokezi walitunze. Basi linaondoka bila yeye.

Pikipiki inawafikisha mtoni, na kutoka hapo wanapanda kwa miguu. Mlangoni kwa Dia, Marek anavua buti, anavua na soksi bila kuambiwa. Bibi Sau hamsalimii. Anampa ndoo. Mgeni anachota maji, anaosha mchele, anapuliza moto hadi machozi yanamtiririka.

"Miguu ya nyati, macho ya kifaranga," Bibi Sau ananong'ona, na majirani wanakosa pa kuficha vicheko.

Uji unaiva. Marek anapitisha bakuli chini ya pazia kwa mikono miwili na kutamka maneno aliyofundishwa na Pang, neno kwa neno: nilichochukua nimerudisha. Dia anakunywa wote.

Kisha wanasubiri. Saa sita mtoto analia. Saa saba bado analia, na wale wenzake Pang watano wanaoongoza wageni wamejipanga ukutani, kwani mkate wao nao umo kwenye bakuli lile. Pang anayatazama majivu tu. Yapata saa nane kilio kinakatika ghafla, na hakuna anayethubutu kusogea.

"Yanatoka," inasikika sauti ya Dia.

Pang anachuchumaa uani na kulia mbele za watu. Hajali nani anamwona.

Anasema mwakani, baada ya mavuno, anataka kuongeza chumba chenye vitanda viwili kwa ajili ya wageni. Kabla ya hapo ameshakubaliana na wenzake jambo moja: kila mgeni ataonyeshwa tawi la majani kule mtoni, alishike kwa mkono wake, aelezwe maana yake, ndipo avuke.

Jua likianza kuinama, Marek anafunga buti zake nje ya uzio. Bibi Sau anatoka na tawi jipya, analifunga mlangoni mara mbili, analivuta kuona kama limekaza. Anaongea bila kugeuka.

"Kesho mkija na wageni wenu, shikeni njia ya chini. Hii ina utelezi."

Pang anaitikia. Anachomoa nyuzi za katani kiunoni, anazitazama, kisha anazirudisha. Mgeni wake bado hajavuka mto.