Crockery ya Mama Jirani

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani Adungosi, wageni wa mahari ya mpwa wangu wakitarajiwa. Pikapu ikafika kutoka Malaba na masanduku ya sahani za kukodi. Dereva akashuka, akasema, "Mama, crockery yenu ndio hii." Wee! Neno hilo lilikuwa halijatamkwa bomani kwetu kwa miaka mingi, na hata sasa lilinichoma.

Wacha nikuambie kwa nini. Tulipokuwa wadogo, neno hilo lilikuwa mali ya mama jirani. Mume wake alikuwa wakala wa kutoa mizigo pale mpakani, kwa hivyo kwao kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake vikombe kumi na viwili vya udongo, vyeupe, vyenye maua ya buluu na visahani vyake. Sisi tulinywea uji kwa vikombe vya bati vilivyobanduka rangi. Siku moja nikaviita vyetu crockery. Binti yake, tuliyesoma naye darasa moja, alicheka mpaka akashika tumbo. "Ya bati si crockery! Crockery ni ya udongo, ikianguka inavunjika." Nilimwonea wivu mtoto yule mpaka usingizi ukanipaa. Nilitamani na sisi tuwe na kitu cha kuvunjika.

Siku hizo hakuna aliyekodi chombo. Ukipata wageni uliazima kwa majirani, na kila mama aliweka alama chini ya vyombo vyake visichanganyike. Mama jirani alitumia rangi nyekundu ya kucha. Mama yangu alitumia rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango. Wageni wa mahari ya dada yangu mkubwa walipokuja, mama jirani alileta vikombe vyote yeye mwenyewe, akajifunga leso, wakasonga ugali wa muhogo na mtama pamoja na mama, wakicheka ndani ya moshi. Wale wawili walikuwa chanda na pete.

Mimi niliachiwa kuosha. Nikachukua kikombe kimoja, nikakwangua ile nyekundu kwa wembe, nikapaka kijani, nikakificha chini kabisa ya sanduku letu la vyombo. Sikuwa na haja ya kukinywea. Nilitaka tu kiwe chetu.

Vikarudi kumi na kimoja. Mama aliapa hajui kingine kiko wapi, na mama jirani akamwamini. "Wacha tu, dada. Kikombe ni kikombe." Krismasi ilipofika, mama jirani akaja kutusaidia kupika, akainama kwenye sanduku kutafuta bakuli, akainuka na kikombe chake mkononi. Akakigeuza. Kijani, na pembeni doa dogo jekundu.

Mama alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ni mimi," akasema. "Tamaa ilinishika, dada. Nisamehe."

Mama jirani hakupiga kelele. Alifungua leso kiunoni, akaenda zake, na hakukanyaga kwetu tena. Jioni habari ilikuwa imeshafika kisimani. Kikundi cha akina mama kikamwondoa mama kwenye kazi ya kutunza vyombo vyao. Na mimi nikanyamaza, mwoga mkubwa. Mwaka uliofuata jirani wakahama.

Jumamosi hiyo, tukipangusa sahani za watu, nikapata ujasiri wa kumuuliza mama kwa nini alijitwika wizi wangu. Ni mzee sasa. Aliendelea kupangusa.

"Wewe ulikuwa hujaolewa," akasema. "Nani angeleta ng'ombe kwa msichana mwizi? Mimi nilikuwa nimeshaolewa."

Siku hizi nina kabati langu kule Busia, limejaa. Haliniponyi. Ninaowaonea wivu sasa ni wale ambao mama zao wamezeeka na rafiki wa kucheka naye jikoni. Ng'ombe wangu waliletwa kweli, na wageni walikula wakashiba. Mama alipika peke yake siku hiyo ya mahari yangu, na kila akitoka kumwaga maji alisimama kidogo, akatazama njia aliyokuwa akijia mama jirani.