Mikima ya Upande wa Barabara

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi, nikaketi, na kiti hicho sijakiacha sana tangu hapo. Mama alinitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu ni mlinzi wa kiti."

Nyumba yetu, huku Embu, iko kando ya barabara ya udongo mwekundu wa murram ambayo malori ya mchanga hupitia yakitoka pande za Kiritiri. Kati yetu na barabara marehemu baba alipanda mikima, ile miti mirefu ya mbao na kuni, ikasongamana kama ua. Tuliyasikia malori bila kuyaona. Vumbi lake lilienda wapi, hatukujiuliza.

Mwaka dada yangu alipochumbiwa, wakwe walituma habari kwamba wanakuja kuzungumzia mahari. Kwetu mgeni wa namna hiyo huangalia rundo la kuni kabla ya kuangalia sufuria, na rundo letu lilikuwa dogo. Mama akaagiza mikima ikatwe matawi yote, kuanzia chini hadi juu.

"Kiangazi hiki, Mama?"

"Kwani wewe utapika na kivuli?"

Wakwe walikula, wakasifu, wakaenda. Miti ikabaki uchi kama nguzo za stima, na vumbi likaingia kama jamaa aliyekuwa akingoja tu kukaribishwa. Likakaa juu ya kabati, juu ya chai, juu ya Biblia. Chumba cha Mama kilitazama barabara, na kifua chake kilikuwa dhaifu tangu zamani. Haikupita wiki akawa anapumua kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

"Ni homa tu," alisema.

Muuguzi wa zahanati hakukubali. Alisema Mama atoke kwenye vumbi hilo mpaka majani yarudi, la sivyo kifua kitamshinda. Wakwe waliposikia wakamwita aende kwao huko juu, karibu na msitu, kwenye hewa safi.

"Mama mkwe akalale kwa mkwewe?" Mama alisema. "Afadhali nikohoe."

Kwetu hiyo ni aibu kubwa. Basi nikakaa nikafikiri, kazi nisiyoizoea. Chumba changu kilikuwa nyuma, kikizibwa na migomba na mparachichi mmoja mkubwa. Majani ya migomba yalikuwa mekundu kwa vumbi. Dirisha langu lilikuwa safi. Shuleni tulichora jani na vitundu vyake, tukaambiwa linatusafishia hewa. Nilichora vizuri sana. Sikudhani mwalimu alikuwa anazungumzia kwetu.

"Mama, hamia chumbani kwangu. Mimi nitalala kwako."

"Wewe? Uhame?" Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa nimejua ninakufa."

Hakufa. Alihama na mto wake, kifua kikatulia polepole, na mimi nikapiga chafya mpaka mvua iliponyesha. Mikima ikachipua. Siku barabara ilipopotea tena nyuma ya majani, nilimwambia chumba chake kiko tayari.

"Chumba gani?" aliuliza, akivuta blanketi langu.

Siku hizi tunakata matawi ya upande wa shamba tu. Ya barabarani hayaguswi, hata aje mkwe gani. Mgeni akilitazama rundo letu dogo, Mama humwonyesha kiti changu.

"Usijali. Kuni zikiisha, tutachoma hicho."