Kura ya Madera ya Fausta

Fausta anauza madera hapa Mikumi, na hana subira hata ya kungoja chai ipoe. Juzi juzi aliagiza mzigo wa madera ya maua makubwa kutoka Dar, na mzigo ukiwa tayari njiani ndipo akakumbuka kuwauliza wateja. Akaweka kura kwenye grupu la WhatsApp la kwaya ya akina mama: mnataka maua au rangi moja?

Wa kwanza kupiga kura alikuwa Mama Tumwagile, mwenyekiti wao, ambaye nusu ya mji humwamkia shikamoo. Akachagua rangi moja. Kura za WhatsApp zinaonyesha jina la kila aliyepiga, basi kwaya nzima ikachagua rangi moja. Maua hayakupata kitu.

"Nimekwisha!" Fausta akasema, akaitupa simu kitandani.

Jioni zikaanza kuingia meseji za pembeni. "Dada, mimi nataka ya maua, ila ningempingaje mama?" Ikaja nyingine, kisha nyingine, zote hivyo hivyo. Fausta akashusha pumzi, akacheka peke yake.

Mzigo ulipofika, Mama Tumwagile ndiye aliyetangulia dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe lile la maua mekundu."

"Si ulichagua rangi moja?"

"Sikuwa na miwani, nikabonyeza vibaya. Nilipotaka kubadili kura, nikaona wenzangu wote wanataka rangi moja. Sasa mwanangu, ningewapingaje?"