Mama Alipokwenda Kuupima Umbali wa Dar

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Kishapu mtanishuhudia, umbali ulipimwa kwa kulala. Mwanza ilikuwa kulala mara moja. Dar es Salaam ilikuwa kulala ndani ya treni mpaka mgongo ukome, ukishuka unanuka moshi na mayai ya kuchemsha. Leo kijana ndege yake ikichelewa kidogo tu, anajipiga picha amenuna, dunia nzima ipate habari. Na ni hao hao wanaotuambia tulikulia gizani. Mimi sikubali, na sababu yangu ni Mama.

Miaka ya sabini mwanzoni, dada yangu Kabula alichaguliwa kwenda kusomea uuguzi Dar. Ulikuwa msimu wa mavuno, pamba imejaa hadi chumba tulicholala. Baba akakataa. Shule aliipenda, ila aliogopa. "Akiugua huko," alisema, "tutapata habari ameshazikwa." Kila aliyekuja kumsihi alipewa maziwa na jibu hilo hilo. Kabula akaacha kula.

Mama hakubishana. Aliuza ng'ombe wake mwenyewe, aliyepewa na babu yetu, akafunga kwenye khanga matobolwa, vile viazi vikavu tulivyotafuna njiani kwenda shule, akadandia lori la pamba hadi Shinyanga mjini. Baba alidhani amekwenda kumwona dada yake. Kumbe alikwenda kiwanja cha ndege, kile cha vumbi, ambako ng'ombe walifukuzwa kwanza ndipo ndege itue.

Alirudi baada ya siku kadhaa, jioni, tukiwa uani tunachambua pamba. Akampigia Baba goti kama kawaida, akamsalimu, kisha akasema ametoka Dar. Baba akacheka. Mama akaeleza chuo kilivyo, vitanda vilivyopangwa, na mama anayewasimamia wasichana, Msukuma mwenzetu wa Tinde. Kicheko kikakatika.

"Kwenda mnadani Mhunze kwa miguu natoka alfajiri, nafika jua liko utosini," alisema. "Ndege imeondoka Shinyanga asubuhi, ikagusa Tabora, na jua la utosini limenikuta Dar. Sasa niambie, Baba Kabula, wapi ni mbali?"

Baba akaiweka chini pamba aliyokuwa akiichambua. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama hakuogopa kule juu.

"Niliogopa sana," Mama akasema. "Nikakaa hivyo hivyo."

Kabula alikwenda. Alikwenda kwa treni, maana ng'ombe wa pili hakuwapo. Alirudi muuguzi, na baadhi yenu mnaosoma hapa mlizaliwa mikononi mwake.

Wajukuu zangu wanajua saa za ndege zote kwa kugusa simu. Dar wamekwenda mara nyingi hata hawakumbuki walikaa dirisha gani. Nawaonea wivu, sifichi, na ule ua wetu uliojaa pamba naukumbuka mpaka leo. Lakini mtu asiniambie tulikuwa nyuma. Mama alipanda ndege safari hiyo moja tu maishani mwake, na tangu aliporudi, hakuna binti kijijini kwetu aliyeambiwa tena kwamba shule iko mbali.